Madoa Chini ya Tope

Hakuna mnyama wa Buganda awezaye kunidanganya. Nionyeshe mkia tu ukiingia kichakani, nitakutajia mpaka jina la mamaye. Hayo nilimwambia Mukiibi, mwenye mbwa na nyavu, tulipotoka kinamasini na windo langu, limejaa tope toka kwato hadi masikio.

"Mwoshe kwanza, Ssekitto," akasema. "Unakwenda ukweni kwa watu wa ukoo wa Pongo. Pongo kwao ni ndugu, haliwi wala haguswi."

"Pongo ana pembe zilizosokotwa kama kamba. Huyu kipara. Ni funo aliyeshiba, swala mdogo wa vichakani."

"Na pongo jike je? Husukwa pembe saluni gani? Mwoshe tuone kama ana madoa meupe."

"Wewe kaa na mbwa wako, bwana!"

Kaweesa, kaka wa mchumba wangu Nakayiwa, alikuwa hajanikubali bado. Siku ile ndiyo angetoa neno. Nilipofika kwao nilimlaza mnyama uani juu ya majani ya migomba. Nikakaribishwa ndani mkekani, na mkwe akishaketi hainuki mpaka mwenye nyumba amwinue. Nakayiwa akapiga magoti akatugawia buni za kahawa za kutafuna, akanikonyeza kidogo.

"Tueleze, shemeji," Kaweesa akasema. "Ulimtambuaje huyu funo?"

Nikaeleza. Mdomo ulikuwa na mbio kuliko mbwa wa Mukiibi. Wote walinitazama mimi. Mimi peke yangu nilitazama mlango na ua. Ndipo mvua ikaanza.

Doa moja jeupe likachungulia pajani. Likaita mwenzake. Tope likateremka taratibu kama nguo inayovuliwa, na mistari myembamba ikajichora mgongoni. Nikaiomba mvua inisitiri. Mvua haina adabu za ukweni, ikazidi.

"Mbona umenyamaza, shemeji?" Kaweesa akauliza. "Simulizi ilikuwa inakolea."

"Nameza buni," nikasema. Nikatia nyingine kinywani.

Shangazi yao akatoka jikoni na kisu cha kuchunia. Akainama. Akakaa vile vile, mvua ikimpiga mgongoni. Kisha akakiweka kisu chini, akafungua kitenge chake cha mabegani, akamfunika mnyama mpaka kichwani, kama afunikwavyo maiti wa nyumbani.

Akaja akasimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Mkwe," akasema kwa upole, "huyu ndugu yetu, ulisema anaitwa nani?"

Hakuna aliyeniambia niinuke.