Karatasi Kwenye Mlango wa Jiko

Baba mdogo alilipenda lile jiko kabla hatujaingia dukani. Lilikuwa limewekwa dirishani, refu, jeusi, mlango mzima kioo, na ndani moto unacheza kama umelipwa.

"Ndilo hilo," akasema. "Mgeni akiingia tu, anajua kaingia kwa watu."

Mama alikuwa anakohoa kwenye leso.

Mama ni fundi cherehani, na chumba anachoshonea ndicho chumba chetu pekee chenye moto. Jiko letu la pipa lilikuwa likitoa moshi nusu nje, nusu kifuani mwake. Daktari alikwisha kusema bila kuzunguka: msimu mmoja zaidi wa baridi ndani ya moshi ule, cherehani ataiaga. Na akizima moto, vidole vinakufa ganzi, sindano inamponyoka. Kwa hiyo tulikuja kuchagua jiko moja, na tukikosea, la pili halipo.

"Majivu yanatolewaje?" mama akamuuliza muuzaji.

"Mzee," muuzaji akamgeukia baba mdogo, "hili linapasha ukumbi mzima."

"Sina ukumbi. Nina chumba cha hatua sita kwa tano. Majivu yanatolewaje?"

"Kwa sepetu, mama, kila asubuhi." Bado alikuwa anamtazama baba mdogo. "Na kioo unakifuta masizi kila siku. Kazi ndogo tu."

Kazi ndogo. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wale wanaume wawili walikuwa wanapeana kanda hilo juu ya kichwa cha mama yangu. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupiga magoti alfajiri akichokora majivu kwa vidole vyenye baridi.

"Na kuni linakula kiasi gani?"

"Kuni zipo, shemeji," baba mdogo akadakia. "Huyu kijana mabega kapewa ya nini?"

Kando ya lile la dirishani alikuwepo pacha wake, hajawashwa. Mama akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi ile anayochorea mikono ya magauni. Akakibana kwenye mlango wa jiko, akafunga komeo, akavuta. Karatasi ikatoka laini, kama barua kwenye bahasha. Akajaribu juu, chini, pembeni. Ikatoka kote.

"Mama, hili ni jiko, si gauni," muuzaji akasema, na baba mdogo akacheka.

"Mshono ukiachia, baridi inaingia," mama akasema. "Hapa hewa itaingia inavyotaka, kuni ziteketee bure, na siku upepo ukigeuka moshi utatokea hapa hapa." Akanyoosha kidole kwenye kona. "Lile je?"

Lilikuwa fupi, la kijivu, limebebeshwa maboksi ya misumari kama punda.

"Lile halina mnunuzi. Halina hata kioo."

Mama akashusha maboksi mwenyewe. Niliwahi la mwisho tu. Kuta za chuma kizito, kishikizo kimoja cha kupunguza hewa, na chini droo ya majivu inayovutwa kama droo ya kabati. Akabana karatasi, akavuta. Ikachanika. Nusu ikabaki mlangoni.

"Droo hii unaimwaga mara ngapi?"

Sasa muuzaji alimtazama usoni. "Mara mbili kwa wiki, mama. Na bomba la moshi unalisafisha mara moja kwa mwaka. Kuni zikiwa kavu."

"Shemeji," baba mdogo akalalamika, "watu watasema nimekununulia sanduku."

"Watu watavua makoti kwanza, shemeji. Wakishaketi, waseme."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nikamwambia muuzaji kwamba alitaka kumuuzia mama yangu utumwa wa kila asubuhi, tena bila kumpa hata heshima ya kumtazama. Nilisema vizuri. Maneno yalipangika yenyewe.

"Mimi nauza kinachopendwa, bosi," akajibu.

Nilikuwa nimejaza pumzi ya maneno mengine mama aliponishika mkono.

"Kuni zilizo nyuma ya nyumba ulikata lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na za msimu uliopita?"

Zile pia nilikata wiki ya kuzichoma, kama kila mwaka, nikazifunga turubai pande zote zikatoka jasho humo. Pipa lilikuwa bovu, sikatai. Lakini zaidi ya nusu ya moshi ule niliubeba mimi, begani, nikaingia nao ndani nikijiona mwana mwema.

"Basi hasira nyingine kapasulie kuni," mama akasema.

Jiko fupi likafungwa chumbani mwa mama siku hiyo hiyo. Msimu huu tunachoma mabaki makavu kutoka kwa seremala jirani. Zangu nimezipasua upya, nimezipanga kwa nafasi ukutani penye jua, nimezifunika juu tu, pembeni upepo upite. Kila Jumamosi mama anaacha cherehani, anatoka, anachukua vipande viwili na kuvigonganisha sikioni pake. Kuni kavu hulia. Zangu zinatoa sauti ya kiatu kwenye tope.

"Bado," anasema, na kurudi kwenye joto bila kukohoa.