Juzuu Aliyoitoroka Kinyozi

Fundi cherehani alikuwa amekata sanda za nusu ya mtaa, na babake mwenyewe akazikwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ndivyo masharti ya ugonjwa ule wa kuambukiza yalivyotaka. Hakumwosha, hakumsalia, hakumtia mchanga. Jora la bafta, kitambaa cheupe cha sanda, lilibaki mezani, na kila akiliona moyo ulimuuma.

"Sanda ameikosa," alimwambia mamake aliyekuwa ndani edani. "Khitma hataikosa."

Kukusanyika kulikatazwa, basi akatoa kichwa dirishani na kuuomba mtaa: kila nyumba isome juzuu moja ya Kurani ili zote thelathini zitimie, ajichagulie mtu mwenyewe, baada ya Alasiri waombe dua pamoja, kila mmoja dirishani kwake.

Alasiri ikafika. "Mmesoma zipi?"

"Amma!" akajibu muuza mkaa.

"Amma!" wakadakia wa ghorofani.

"Na sisi Amma!"

Mtaa mzima ulikuwa umesoma juzuu ile ile, ile ya sura fupi fupi. Wote walifundishwa na marehemu katika chuo chake cha Kurani, na kwa moyo walihifadhi hiyo tu. Fundi akajiuliza: Hata hili limemshinda?

Nyuma yake akasikia kicheko. Mamake, ambaye hakuwa ameonja hata uji vizuri tangu msiba, alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka.

"Angewacharaza nyote! Wagawie mwenyewe, mwanangu. Babako hakuwahi kuwaachia wachague."

Kicheko kikapita dirisha kwa dirisha. Fundi akagawa. Juzuu ya kwanza, penye mwanzo wa sura ndefu kuliko zote, kila mtu aliikwepa, mpaka kinyozi, ambaye hadi leo aliitwa Mtoro kwa kukimbia chuo, akainua mkono.

"Nipe mimi. Ndiyo iliyonitorosha."

"Utaiweza?"

"Nitajikongoja."

Akajikongoja kweli. Wenzake walimaliza, yeye bado. Jua likaanza kuzama, sauti imemkauka, na kila alipoteleza mtaa mzima, misahafu mikononi, ulimsahihisha kwa pamoja, kwa ukali ule ule wa mwalimu wao. Alipofika mwisho, watu walishangilia kana kwamba amefunga bao.

Fundi akainua mikono kuomba dua. Akaanza kwa kunong'ona. Mamake akamsukuma begani.

"Paza sauti! Alizikwa kimya kimya, haombewi kimya kimya."

Akapaza. Mtaa ukaitikia amin, vioo vikatetemeka, na sauti ya Mtoro, kavu vile vile, ikawa juu ya zote.