Koor Iliyozibwa

Kule Mumbai walimwita Hirsi-ji, wakasema ana masikio ya jini. Hapa Isiolo aliitwa yule kijana wa Mzee Egal aliyepotelea kwenye muziki. Arusi za Bulla Pesa zilicheza nyimbo zake miaka nenda miaka rudi, na hakuna bibi arusi hata mmoja aliyejua kwamba ile sauti ya ajabu katikati ya wimbo wa sinema ya Kihindi ni kamba ya kisima cha Gotu, au mtungi wa plastiki ukigongwa kwa kandambili, au mlango wa lori la Mzee Egal ukifungwa kwa hasira.

Alipelekwa Pune, mji jirani na Mumbai, kusomea biashara, kama vijana wengi wa Kisomali wa mji huu. Akaacha darasa, akaenda kukunja nyaya kwenye studio ya Mumbai. Watunzi wakubwa walikuwa bado wanapanga violini safu kwa safu. Yeye akaleta mlango wa lori. Walimcheka mpaka wimbo ulipovuma, kisha wakaanza kumwiga bila aibu. Mzee Egal hakucheka wala hakuiga. Alikata kauli kwamba mtoto anayekula jasho la ngoma asimkanyagie mlango, na akafa na kauli yake. Aliyebaki kumpigia Hirsi simu ni kaka yake Abdiwali, mchunga ngamia.

"Walaal, hiyo mlango nimeisikia kwa redio," alikuwa akisema huku akicheka. "Ni ya lori yetu, ama nadanganya?"

Halafu masikio yakamgeuka. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege, njuga, watoto, kisha wanawake. Sauti nzito za wanaume zilibaki, zikisemwa karibu. Hirsi hakumwambia mtu. Nani atampa kazi mtunzi kiziwi? Akajifunza kutunga kwa macho. Kwenye skrini ya kompyuta sauti ni mstari. Palipo na kelele huota meno, palipo kimya hulala. Waongozaji wa filamu walipomuuliza kama wimbo umekaa sawa, alikuwa anafumba macho, anatikisa kichwa polepole, nao wanaondoka wameridhika. Aliwachezea shere miaka, na ilikuwa inamtesa.

Lakini filamu mbili zikaanguka, na mwenye filamu ya tatu akampa wimbo mmoja tu, wimbo wa jangwa. Hirsi alielewa kwamba huo ukianguka, basi tena. Ndipo alipokumbuka koor ya baba yake.

Koor ni kengele ya mti, ina ndimi mbili za mti ndani, na huvishwa ngamia anayeongoza kundi. Ile aliichonga Mzee Egal mwenyewe, na mtu wa nyumba ile angeitambua hata gizani. Sasa ilikuwa shingoni mwa ngamia jike mzee, upande wa Kipsing, ambako malisho yalikuwa yameleta ugomvi na wezi wa mifugo walikuwa wanatembea na bunduki. Msimu kama huo kila mchungaji huziba koor kwa majani ili isilie. Kuivua haiwezekani. Yule ngamia mzee, akikosa uzito wa koor shingoni, husimama kama nguzo na kundi zima husimama nyuma yake.

Hirsi akafunga safari kuja kuinasa, na Abdiwali alimpokea kwa kumkumbatia mpaka mbavu zikauma. Alasiri ile, upepo ukivuma, alitoa majani yote, akamtembeza ngamia huku na huku. Hirsi alinasa sauti akiangalia meno ya mstari yakiruka kwenye mashine yake ndogo. Machozi yalimtoka. Kaka yake alidhani ni furaha.

Gari la kubeba maziwa likapiga honi. Abdiwali akakimbilia mitungi yake.

"Wewe iziba, walaal!" alisema akigeuka. "Shindilia sana. Hii wakati si ya kuchezea."

Hirsi akaokota majani makavu, akashindilia. Akaitikisa koor karibu na sikio. Kimya.

"Imenyamaza?" Abdiwali aliuliza aliporudi.

"Imenyamaza kabisa."

"Sawa. Wewe ukisema imenyamaza, mimi nani nishike tena?" Akampiga bega, na wakasimama kidogo pale kando ya ngamia wakiagana, kwa sababu lile gari la maziwa lilikuwa linamngoja Hirsi. Mashine ilikuwa bado inanasa. Ngamia alikuwa anatafuna na kutikisa shingo.

Kundi lilihamishwa kabla ya alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Ekaale, mchungaji wao wa Kiturkana, ndiye aliyeuleta mwili wa Abdiwali mjini kwenye pikapu ya watu.

"Mimi nilikuwa nyuma kabisa na ndama, Mama," alimwambia Faduma, mke wa Abdiwali. "Nilisikia risasi tu. Wameenda na ngamia yote, hata yule jike mzee. Abdiwali nilimkuta huko mbele. Alikuwa ameshika majani kwa mkono."

"Majani ya nini?"

Ekaale hakujua; koor, alisema, Hirsi alikuwa ameshaiziba kabla ya kuagana. Wazee walisema mtu anayekata roho hushika chochote kilichoko chini. Wakazika, wakasoma dua, wakala, wakatawanyika. Faduma akaketi kwenye eda yake, lakini swali lake halikuketi. Alimuuliza kila mwanamke aliyekuja kutoa pole. Majani ya nini?

Hirsi alijua. Siku ya mazishi alifungua mashine na kutazama mstari. Baada ya lile neno lake, "imenyamaza kabisa", ulipaswa kulala. Haukulala. Meno madogo, membamba, yaliendelea mpaka mwisho. Ulimi mmoja alikuwa ameuziba, mwingine ulikuwa unalia. Kaka yake aliusikia gizani upepo ulipotulia, akakimbia mbele na majani ya kuuziba, na wenye bunduki nao walikuwa wameusikia. Hirsi alifunga mashine, akanawa uso, akarudi kupokea pole za watu.

Siku iliyofuata Faduma akamwita uani, akiwa na dada zake.

"Dumashi," alisema, kama shemeji anavyoitwa kwao, na Hirsi akamtazama midomo, "ile siku ulikuwa unarekodi. Sauti yake iko?"

"Iko."

"Nipe. Hata kidogo."

Angeweza kusema ukweli pale pale. Badala yake alijifungia na kompyuta, akafanya kazi aliyoijua kuliko zote. Aliondoa swali la Abdiwali na jibu lake mwenyewe. Akabakisha maneno ya kuagana. Kila jino aliloliona kati ya neno na neno alilifuta, mpaka mstari ukalala vizuri kama jamvi. Hakuwahi kukata sauti kwa usafi vile. Akairudisha kwenye ile mashine ndogo, na alipomvisha Faduma hedifoni mikono yake ilikuwa imetulia.

Faduma alisikiliza. Alitabasamu, akafunika mdomo kwa ncha ya shela. Hirsi alijua ni pale Abdiwali anaposema, "Msalimie Faduma. Mwambie naja Ijumaa, asiuze maziwa yote." Kisha tabasamu likakaa usoni bila kazi. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akavua hedifoni.

"Mbona koor inalia?"

Hirsi akaitazama tena midomo yake.

"Akisema, inalia. Akinyamaza, inanyamaza. Hiyo saa si ulikuwa umeziba?"

Chini ya maneno ndiko ilikobaki. Mstari wa sauti ya kaka yake ulikuwa mnene, ukafunika meno madogo, na jicho haliwezi kuona kilichofunikwa. Faduma akamvisha yeye hedifoni, akaongeza sauti mpaka juu. Kwa mbali Hirsi akamsikia Abdiwali, mzito, kama anaongea nyuma ya ukuta. Mengine hakusikia.

"Sisikii koor, Faduma," alisema. Lilikuwa neno ambalo hajawahi kumwambia mtu. "Hata siku ile sikuisikia."

"Tangu lini?"

"Miaka."

"Na yeye alijua?"

"Hapana."

Faduma aliangalia kiganja chake mwenyewe, akakikunja polepole kama aliyeshika kitu.

"Majani," alisema.

Hirsi akanyoosha mkono kuchukua ile mashine, aifute, aimalize. Faduma akaivutia kifuani. Akavaa tena hedifoni, akampa mgongo, akaanza kusikiliza tangu mwanzo.