Kodi Aliyolipa Marehemu

"Hivi Mama Celine, mtu akifa, benki humwambia nani?"

Angeline, jirani wa ukuta kwa ukuta pale mtaa wa Raila, aliuliza hivyo siku moja wakichambua sukuma wiki mlangoni, nao wakacheka hadi kisu kikamponyoka. Akoth alimjibu kwamba mjane ndiye humwambia, tena kwa karatasi, maana benki haisikii kilio.

Naye alikuwa amewaambia. Alikwenda na cheti cha kifo cha Nicanor, barua ya chifu na vitambulisho viwili, akakaa kwenye kiti cha plastiki hadi kiuno kikafa ganzi. Msichana wa kaunta aliikata kadi ya marehemu kwa makasi mbele ya macho yake, na kile kidogo kilichobaki kikahamishiwa akaunti mpya yenye jina la Akoth. Akarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Kule kijijini Ugenya walikuwa wamemzika mume wake kwa heshima, na benki nayo sasa ilikuwa imemzika.

Kumbe benki hawakufukia kaburi vizuri.

Nicanor alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa mtaa wa Kongo, kule Kawangware, kwenye ploti ya Mzee Kimotho. Kwa kuwa hakupenda kufuatwafuatwa na mtu mlangoni, aliwaagiza benki wawe wakikata kodi ya miezi mitatu kwa mpigo na kumtumia Kimotho wenyewe. Akaunti ilipofungwa, agizo lile halikukumbukwa na mtu. Siku ya kodi ilipofika, pesa ikatoka kwenye akaunti iliyokufa, isiyo na hata senti, kwa jina la mtu aliyekufa, ikaingia kwa Kimotho. Ilikuwa kodi ya karakana ambayo tayari ilikuwa na mpangaji mwingine, kijana anayeitwa Dalmas, naye alikuwa ameshalipa yake.

Haya yote Akoth hakuyajua mpaka Alhamisi ile alipokwenda kutoa karo ya Celine. Binti alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi, aripoti Jumatatu, karo mkononi, na barua ilisema wazi kwamba anayekuja na nusu arudi na nusu yake. Kanisa la Kawangware walimokuwa wakisali tangu Nicanor akiwa hai lilikuwa limemfanyia harambee. Pesa zikatimia. Zilikuwa pale benki, zinangoja.

"Mathe, hii akaunti imefungiwa," alisema karani aliyeitwa Mbithi, akitafuna ubani.

"Imefungiwa na nani?"

"Na sisi." Akageuza ubani upande wa pili wa shavu. "Kuna pesa ilitoka kwa ile akaunti ya mzee wako baada ya kuifunga. Ni sistimu ilikosea. Sasa benki inadai, na wewe ndiye uko kwa rekodi kama mrithi."

"Sistimu ikikosea mnanifungia mimi?"

"Si mimi, mathe. Mimi niko tu kaunta."

"Basi niitie aliye nyuma ya kaunta."

Mbithi hakumwita mtu. Alitafuna tu, *chwa, chwa*, macho kwenye kioo cha kompyuta, na Akoth akaona mate yakimeta kwenye kona ya mdomo wake. Alitazama pembeni. Akauliza ni pesa ngapi.

"Elfu ishirini na saba, mia sita."

Hesabu ile aliijua. Aliisikia kwa kipaza sauti, Jumapili ya harambee, Mzee Kimotho alipoinuka na koti lake la kahawia akasema, "Wapendwa, wiki hii Bwana amenikumbuka kwa njia nisiyoitarajia. Nami sitabakisha hata ndururu. Elfu ishirini na saba..." Akatulia, akawazungushia macho. "...na mia sita!" Kanisa likacheka, likapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Mtu akasema hata ile mia sita mzee hakuihurumia! Na Akoth alikwenda mbele, akainama, akaushika mkono wa Kimotho kwa mikono yake miwili.

Sasa, mbele ya kaunta, aliishusha mikono ile miwili akaifuta kwenye leso, polepole, kila kidole peke yake.

Mbithi akamweleza njia zilizopo. Benki inaweza kukata deni kwenye akaunti yake, na iliyobaki itoke. Au yule aliyepokea asaini karatasi ya kukubali pesa irudishwe kutoka kwake. "Akisaini, ilete Jumatatu tukifungua tu. Unatoa pesa yako, unaenda."

Akamsukumia karatasi hiyo, Akoth akaikunja, akaitia kwenye Biblia aliyoibeba mkobani.

Jumamosi alitoka Raila kwa miguu, akapita Ayany, akavuka Ngong Road, akafika Kawangware viatu vikiwa na tope jekundu. Alijua pa kumpata Kimotho. Jumamosi mzee hukaa uani nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha, kando ya jiko la mkaa, akichomewa nyama.

Alimkuta na mbavu za mbuzi kwenye sinia. Mafuta yalikuwa yamemfika viganjani. Choo cha wapangaji kilikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi, kimejaa hadi mlangoni, na nzi walikuwa wakitoka kule wakija kwenye sinia, wakirudi kule, kama wapangaji wenye funguo mbili. Kimotho aliwapungia tu.

"Ah! Mama Celine! Karibu, karibu. Mchukulieni stuli! Daktari wetu ameenda?"

"Hajaenda, mzee. Ndiyo imenileta." Stuli hakuikalia. Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, bila kumlaumu. Alisema benki ilikosea. Alisema mzee labda hakujua pesa ile imetoka wapi.

Kimotho alivuta nyama kwenye ubavu kwa meno. "Nilijua," akasema, mdomo umejaa. "Jina la Nicanor lilikuja kwa simu. Nikasema, tazama, hata akiwa huko bado ananikumbuka." Akacheka. Kipande kikaruka, kikatua kwenye goti la suruali yake, akakiokota na kukirudisha mdomoni.

Akoth akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa ukijua, mzee, kwa nini hukusema?"

"Niseme nini na niliirudisha? Si nilikupea wewe mwenyewe, mbele ya kanisa? Pesa ilitoka kwenu, ikapita kwangu, ikarudi kwenu. Unataka nitoe mara mbili?"

"Mzee, hujatoa hata mara moja."

Mzee aliacha kutafuna. Kutoka jikoni, mke wake Waceke, mwanamke mkubwa asiye na haraka, alichungulia na kijiko mkononi, kisha akarudi ndani.

"Sikiza, Mama Celine," Kimotho akasema, sasa kwa ile sauti ya kwenye kipaza sauti. "Mimi si mtu mbaya. Wewe ni mjane, msichana anataka shule. Hiyo karatasi nitasaini. Lakini unajua mwezi ujao tunachagua wazee wa kanisa, na mimi nimo. Kesho kwa ushuhuda, simama. Sema Mzee Kimotho ameona shida yenu, ameongeza ingine. Elfu ishirini na saba, mia sita, mara ya pili. Watu wasikie. Ukikaa chini, naja nasaini."

"Niseme umetoa?"

"Si ni kutoka kwangu itatoka? Utakuwa umedanganya wapi?"

Akanyoosha mkono waafikiane. Mkono uleule. Mafuta yalikuwa yameganda katikati ya vidole yakawa meupe, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa na unyuzi wa nyama. Akoth aliutazama mkono ule kama mtu anavyotazama kitu kinachoelea kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

"Kesho nitasimama, mzee," akasema.

Mkono hakuushika.

Usiku ule aliomba kwa muda mrefu, na aliomba kitu kimoja, asimchukie Kimotho. Hakuweza. Kila alipofumba macho aliona sinia na nzi. Mwisho akamwambia Mungu: basi nipe nisiseme uongo, hilo lingine tutalitazama baadaye. Celine alikuwa upande wa pili wa pazia, sanduku lake limeshafungwa, sare imekunjwa juu.

"Mama, atasaini?" akauliza.

"Lala, mwanangu. Lala."

Jumapili kanisa lilijaa. Kimotho aliketi mbele, koti lile la kahawia, Waceke pembeni yake na kitambaa cheupe kichwani. Pasta Kavoi alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, Kimotho aligeuza shingo nusu, akaweka uso wa unyenyekevu, kama mtu anayengoja kupigwa picha huku akijifanya hajui.

Akoth akasimama, Biblia mkononi.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Nina shukrani, na nina ombi. Mnajua Celine anaenda chuo kesho. Mnajua mlivyotoa. Mnakumbuka Mzee Kimotho alitoa elfu ishirini na saba, mia sita."

"Amina!" Makofi. Kimotho akainamisha kichwa.

"Pesa hiyo ilikuwa ya benki," Akoth akaendelea, sauti ileile. "Ilitoka kwa akaunti ya Nicanor ikiwa imefungwa. Walikosea, wakamtumia mzee kodi ya karakana ambayo Dalmas yule pale ameshalipa."

"Nililipa, ndiyo," Dalmas akasema kutoka nyuma, akishtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

"Sasa benki imeshika pesa yote ya Celine. Mzee akisaini karatasi hii, pesa ya benki inarudi, na kile alichosema ametoa kitakuwa kweli ametoa. Jana nilikwenda kwake. Aliniambia leo nisimame niseme ametoa mara ya pili, ndipo asaini. Mimi hilo siwezi kulisema hapa. Kwa hiyo nimesema lililopo. Bwana asifiwe."

Shingo zote ziligeukia koti la kahawia.

Akoth akatembea hadi mbele, akaiweka karatasi juu ya meza ya sadaka na kalamu juu yake. Aliweza kusikia mtoto akinyonya kwenye safu ya tatu. Mama mmoja aliyepiga vigelegele siku ile alikuwa ameshika mdomo kwa kiganja kama aliyeonja kitu kilichooza.

Pasta Kavoi akakohoa. "Mzee... ni hivyo?"

"Huyu mama hakuelewa," Kimotho akaanza, akisimama. "Mambo ya benki ni ya watu wamesoma. Mimi nilimwambia tu..."

"Alielewa," Waceke akamwambia mumewe. Hakupaza sauti. "Nilikuwa jikoni, Baba Shiru. Nilisikia yote. Ukimwambia na nyama mdomoni."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akasema, "Woi, pesa ya marehemu!" na neno likapita safu kwa safu hadi mlangoni. Kimotho alimgeukia Pasta Kavoi, lakini pasta alikuwa anatazama sakafu. Akageukia wazee wa kanisa, na mmoja wao akasogea kidogo kwenye benchi, kama mtu asiyetaka nguo yake iguswe.

"Siwezi kusoma hiyo maneno," Kimotho akasema mwishowe. "Niliacha miwani."

Waceke akafungua mkoba wake. Akatafuta bila haraka, akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake na kumwekea mkononi.

"Miwani ndiyo hii. Saini mtoto aende shule."

Kimotho akaivaa. Akainama juu ya meza, akaikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Akoth alisimama pale pale, macho kwenye ncha ya kalamu, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akaichukua karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama saini, akaipepea wino ukauke na kuirudisha kwenye Biblia.

Kimotho akajifunga vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine. Akamtazama mke wake. Waceke hakusimama. Basi mzee akageuka, akapita katikati ya safu, watu wakivuta magoti na nguo zao pembeni, akatoka nje.