Kutu ya Ma Kokuberwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kahigwa alikung'uta mto wa mama yake nyuma ya nyumba yao ya Kiseke. Kutu iliyotoka sikioni mwa Ma Kokuberwa usingizini ilitosha kujaza kijiko. Jumatatu lilidondoka nayo jina la kanisa alikobatizwa. Jumatano, namna ya kumenya ndizi.

Daktari alimmulika sikio kwa tochi, akasema ni uzee. Hewa tunayovuta huutia ubongo kutu kidogo kidogo, na vimeng'enya vya kichwani huisugua kutu kabla haijashika. Vya bibi vilikuwa vimechoka.

"Mkumbusheni mambo," alisema. "Jambo likitajwa, vilivyobaki hukusanyika pale kulilinda."

Kahigwa alimtajia wajukuu, sala ya jioni, jina lake yeye mwanawe, hata mbuzi aliyekufa mwaka wa vita. Majirani walimsifu, nao majirani husifu wanachokiona. Kibanja cha Bukoba, shamba la migomba la mama, hakukitaja. Alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, akataka pikapu ya kubebea sangara, na mnunuzi wa kibanja, Kashaija, alikuwa tayari. Mama alikwisha kukataa mara mbili kuweka dole gumba kwenye hati ya mauzo: mumewe alizikwa kwenye ile migomba, na kaburi haliuzwi. Basi Kahigwa akanyamaza. Kimya kingi kina mshindo, na chake kilikuwa kingi. Mkewe Justa alipoanza kusimulia migomba mezani, alimkatiza akaomba chumvi. Aliona aibu, lakini alikula.

Mwezi wa nne, mto ukaamka mzito. Kutu ilinukia majani ya mgomba. Kahigwa aliikung'uta kama kawaida, akamwita Kashaija.

Wino haukuhitajika. Ma Kokuberwa alikuwa na mazoea ya kujipangusa sikio, na dole gumba lake lilikuwa jekundu kwa kutu tayari. Kashaija alisema alama imetoka vizuri.

Pikapu ikaja. Justa akanunua ufagio mdogo wa kutu. Jioni moja Kahigwa alirudi kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, akamkuta mama yake mlangoni. Uso wa mwanawe ulikuwa umedondoka na kutu ya asubuhi ile. Jina lake, lililotajwa kila siku, lilikuwa zima. Mama alinyanyuka kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Ukimwona mwanangu Kahigwa, mwambie kuna jambo hajanikumbusha. Silijui, ila linaniuma."

Kahigwa alitazama chini. Alitamani ardhi immeze, lakini salamu haiachwi bila jibu.

"Marahaba," alisema. "Nikimwona nitamwambia."