Mama Hatembei Peke Yake

Sanamu ya Bikira Maria iliingia nyumbani kwangu siku ya Alhamisi, kwa nyimbo na makofi, kama ilivyoingia katika kila nyumba ya jumuiya yetu pale Izigo. Ilikuwa zamu yangu. Tulisali rozari, nami nikasoma somo. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, baada ya kutwa nzima ya jembe, na jumuiya haikuwa na mtu mwingine aliyeweza kusoma Waraka wa Paulo bila kukwama. Walipoaga tulibaki wawili, Mama Maria na mimi, katika nyumba isiyo na mwanamke tangu mke wangu alipofariki.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Mama hukaa katika nyumba moja juma zima. Alhamisi inayofuata, mwenye zamu huja kumchukua, akifuatana na jumuiya yote, nao huondoka naye wakiimba. Aliyekuwa naye hamtoi mwenyewe. Tulikuwa na msemo: "Mama hatembei peke yake."

Kabla juma halijaisha, binti yangu Jovita alishuka kwenye basi lililotoka Bukoba. Baada ya vita alikwenda Mutukula, mpakani, kuuza vitenge, na kwa miaka kadhaa alinitumia sukari na sabuni wakati sisi huku hatukuviona dukani. Sasa alikuwa amevaa koti zito katika jua la mchana. Nilipompokea mzigo na kumshika mkono, nilijua. Miaka ile hapakuwa na mtu wa Kagera aliyehitaji kuambiwa. Wengine ugonjwa waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyotoka ng'ambo ya mpaka, kana kwamba ulikuja umekunjwa ndani ya majora.

Alhamisi nilitandika nyasi mbichi sakafuni, nikavaa koti langu la kanisani, nikangoja. Mwenye zamu alikuwa Alistidia, mjane ambaye kibanja chake kinapakana na changu. Hakuja mtu. Jua lilipoanza kushuka nilisikia nyimbo zikitoka ng'ambo ya migomba, nyumbani kwake. Walikuwa wakisali bila sanamu.

"Leo wanaimba vibaya," Jovita akasema kutoka kitandani. "Hawana wa kuwaanzishia."

"Ni msimu wa kahawa. Watu wamechoka."

"Tata, mimi nimeuza vitenge mpakani. Mteja asiyetaka kununua namjua tangu anapovuka barabara."

Alhamisi nyingine ikapita hivyo hivyo, na nyingine. Nilibadilisha nyasi kila mara. Sikumwuliza mtu. Mwanamume hasimami njiani kuomba watu waje kwake.

Lakini nilikumbuka. Kijana wangu, Privatus, alikwenda vitani na hakurudi. Habari ilipofika, jumuiya hii hii ilihamia kwangu. Walilala kwenye nyasi hizi, wanawake wakapika kwenye masufuria yangu, Lwakatare, mwenyekiti wetu, akanishika bega mpaka asubuhi. Privatus alikuwa amekwisha kufa, wala hakuwaona. Jovita alikuwa hai, tena akisikia kila kitu.

Jumapili moja, baada ya Misa, Lwakatare alinikuta chini ya ukuta wa kanisa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Ta Damian."

"Milele, amina. Mama anawasalimu."

Alicheka kidogo, akatazama viatu vyake. "Ee, hilo. Tulikaa tukaona tuwaachie Mama kwa sasa. Amwangalie mgonjwa."

"Mliona wapi? Mimi sikuwapo."

"Ni kwa huruma, Ta."

Benigna, mkewe, akadakia, "Nyumba gani imewahi kukaa na Mama muda wote huu? Wengine wangefurahi! Wewe una upendeleo, halafu unanuna."

"Basi njoni msali naye."

"Tutakuja," Benigna akasema. "Tutakuja, mbona una haraka?"

Alistidia alikuwa amesimama nyuma yao. Mume wake alikufa kwa kukonda vilevile, na watoto wake bado walikuwa wadogo.

Nilimweleza Jovita maneno yale nikidhani atakasirika. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo Mama ndiye kisingizio! Wamemweka hapa kama mtu anayeacha kofia kitini ionekane bado yupo." Akavuta pumzi. "Tata, nikifa watajaa. Wataleta kuni, wataleta ndizi, Benigna atalia kuliko wewe. Hilo halinisumbui. Ninataka waje nikiwa ninawasikia. Hata mara moja tu."

Nilikuwa nimesoma kitabu cha afya na kitabu cha ushirika na Agano Jipya lote, na kote humo sikupata pa kumjibu.

Alhamisi hiyo nilivaa koti. Jovita aliuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia, hakunizuia. Alivuta kitenge cha buluu kutoka kwenye mzigo wake, kile alichokuwa hajakiuza.

"Mfunike. Vumbi la njiani baya."

Nilimbeba Mama kifuani kama mtoto, nikapita katikati ya migomba. Kwa kuwa hatembei bila wimbo, niliimba. Sauti yangu si ya kuimba, mimi ni msomaji. Niliimba peke yangu njia nzima, na mtu mmoja aliyekuwa akichuma kahawa aliacha kuchuma, akanitazama, akavua kofia.

Walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Alistidia. Niliingia, nikamweka Mama mezani, bado amefunikwa. Nyimbo zikakatika.

"Ta Damian," Lwakatare akasema, "ungengoja. Tungekuja kumchukua."

"Najua. Nimewaondolea taabu."

"Mama hatolewi na mtu mmoja!" Benigna akasema. "Wewe mwenyewe ndiwe uliyekuwa ukitukumbusha."

"Kweli. Na hakai nyumba moja hivi. Mlisema mmemwacha amwangalie mwanangu. Amemwangalia. Sasa mwanangu anauliza ninyi mko wapi."

Nilitazama kitenge cha buluu juu ya sanamu, nikaona kwamba wao pia walikuwa wakikitazama. Ilibidi mtu akiondoe ili sala iendelee. Lwakatare alinyoosha mkono, akaurudisha. Sikutaka kuona zaidi. Niliwaaga kwa heshima, nikatoka.

Nyumba ilikuwa kubwa zaidi bila Mama. Jovita aliuliza, "Walisemaje?" Nikasema, "Wamempokea." Akageukia ukuta.

Kesho yake, mchana, mtu alibisha hodi. Alikuwa Alistidia. Alikuwa peke yake, na mabegani alikuwa amejitanda kile kitenge cha buluu.

"Nimekirudisha," akasema, ingawa hakukivua.

Jovita alitaka kuketi. Nilimwinua nikamwegemeza. Mgeni akija kwetu hupewa akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, hutafunwa tu. Na desturi ni kwamba mwenyeji hutafuna kwanza, mgeni aone haina sumu, kisha humkabidhi. Jovita alichukua kikapu kidogo, akakisukuma kwa Alistidia bila kutia mkono ndani. Nilielewa, naye Alistidia alielewa.

Mjane yule alikitazama kikapu. Kisha akasema, kwa sauti ya ukali kidogo, kama anamkemea mtoto:

"Kwenu hamtafuni kwanza?"

Jovita alimtazama. Akatia mkono kikapuni, akatafuna. Akachota nyingine, akamnyooshea kiganjani mwake. Alistidia akaichukua kutoka kiganjani, akatia mdomoni.

"Chungu," akasema.

"Ni ya Tata," Jovita akasema. "Anachemsha kama anafua nguo."

Walicheka wote wawili, wakanicheka mimi, nami sikujali. Kisha Alistidia akaanzisha wimbo wa Mama. Tuliimba watatu, ubeti kwa ubeti, na Jovita aliimba kwa midomo tu. Ilikuwa Ijumaa, si siku ya jumuiya, na sanamu haikuwapo.

Alistidia alirudi mara kadhaa, daima peke yake. Wengine hawakuja.

Jovita alifariki kabla ya mvua. Walikuja wote. Walijaza kibanja, wakaleta kuni na ndizi, wakambeba Mama mbele kwa nyimbo nzuri sana, na Benigna alilia kuliko mimi, kama ilivyosemwa. Niliwapokea kila mmoja. Nilisoma somo mwenyewe, sikukwama. Alistidia hakuimba. Alisimama kando ya kaburi amejitanda kitenge cha buluu, akitazama chini.

Matanga yalipokwisha wakaondoka. Mzunguko ukaanza upya. Alhamisi ya zamu yangu ilipofika, siku ambayo jumuiya ingenipitia twende kumchukua Mama, nilitandika nyasi, nikavaa koti, nikaweka kikapu cha akamwani mezani na kufungua mlango. Ng'ambo ya migomba nyimbo hazikuwa zimeanza bado.

Nilitafuna ya kwanza, nikangoja.