Waliokosa Uzito wa Mwisho

Folda ya pamoja ilikuwa jalala. Kila mtakwimu aliyepita katika ofisi ile ya hospitali alitupa humo makro zake, yale maagizo yanayoandikwa mara moja ili kompyuta ichore jedwali yenyewe: "jipya", "jipya kabisa", "la mwisho", "la mwisho kweli". Mtakwimu wa sasa, binti asiye na subira, alitafuta moja tu inayofanya kazi. Mchana huo kikao kingeamua kama watoto waliodhoofika kwa njaa bado wanahitaji wodi yao, au watibiwe wakitokea nyumbani. Muuguzi wa wodi hiyo alikuwa dada yake.

Makro ya kwanza iligoma. Ya pili ikatema makosa mekundu skrini nzima. Ya tatu, "usiguse", ikateleza kama mlenda. Jedwali likatokea: uzito wa kuingia, uzito wa mwisho, ongezeko. Akampigia dada yake.

"Dada, watoto wako wananenepa!"

"Watoto gani hao? Juzi tu nimefunika wawili."

Binti akaifungua makro, akaisoma mstari kwa mstari. Mtoto mwenye nafasi yoyote wazi, ilimruka mzima. Na mtoto aliyekufa hapimwi tena. Uzito wake wa mwisho hubaki wazi. Waliokufa wote walikuwa wamerukwa, kana kwamba hawakulazwa.

Akakimbilia kwa mkuu wa kitengo.

"Mkuu, jedwali linadanganya. Asiye na uzito wa mwisho linamruka."

"Kwa nini hana?"

"Amekufa."

"Basi ameshatoka wodini."

"Mkuu!"

"Usinikodolee macho, binti yangu. Hospitali zote zinatumia makro hiyo hiyo. Ukiichokonoa, jedwali letu halitalingana na la wenzetu, na huko juu watalirudisha."

"Basi niandike maelezo chini yake."

"Andika, kama utapata pa kuandika."

Alijaribu. Makro ilifyeka kila kilichokuwa chini ya mstari wa mwisho.

Kikaoni alinyoosha mkono, akawaeleza kwa mdomo. Walimsikiliza kwa adabu, wengine wakitikisa vichwa kwa huruma. Kisha mwenyekiti akaomba warudi kwenye jedwali lililo mbele yao. Ongezeko lilikuwa zuri. Wodi ifungwe mwisho wa mwezi.

Alimkuta dada yake akimning'iniza mtoto kwenye mizani.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamekupongeza."

Dada akacheka puani, akamtoa mtoto kwenye mkanda wa mizani.

"Sawa. Kuanzia leo, anayekufa nampima kwanza, ndipo namfunika. Hatarukwa mtu tena hapa."

"Dada, ni bure. Wameshaamua."

"Najua," alisema, na akamfuata mtoto mwingine.